Shampuu ya mba iliyonifanya niache kupaka nazi kichwani

Nilisema sasa basi siku ya kikao ofisini. Nimevaa blauzi nyeusi, rasta zina wiki ya pili, kichwa kinawasha mpaka machozi yananilengalenga. Wenye rasta mnajua shida yake: kukuna huwezi, unabaki kujipigapiga kwa kiganja kama unaua mbu. Nikachomeka kifuniko cha kalamu katikati ya mistari, nikakuna kidogo tu, kwa adabu. Kuinua kichwa, bega zima jeupe, na dada niliyekaa naye ananipangusa kimya kimya kama mtoto aliyechezea ndoo ya unga.

Hapo nilikuwa na mba mwaka wa tatu. Mama ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza: "Ngozi imekukauka hiyo mwanangu, paka mafuta." Basi nikawa napaka nazi iliyokamuliwa nyumbani, inatoka Tanga, kila usiku kabla ya kulala. Kichwa kinatulia saa mbili, asubuhi kinaamka na hasira zaidi. Nikahamia kwenye ndimu, ikanichoma kwenye vidonda vya kucha nikalia bafuni. Maji ya kitunguu sitaki hata kuyakumbuka. Mtu mzima unabanwa kwenye daladala ya Mbagala unanuka kachumbari. Saluni moja ikaniuzia kopo la kijani lisilo na lebo, linanukia minti. Ukipaka linapoza, unajiona umepona, kumbe yale magamba yanalainika tu na kukaa palepale.

Aliyenifungua macho ni kaka wa duka la dawa mtaani kwetu. Hakukimbilia rafu. Aliniambia nibandue gamba moja nilisugue kwa vidole. "Kavu, au lina mafuta?" Lilikuwa linateleza, la njano kwa mbali, likajikunja kama nta. Akauliza kama kwenye nyusi na pembeni mwa pua nako kunabanduka. Kunabanduka. Nilikuwa nadhani ni poda inanikataa.

"Basi hiyo si ngozi kavu, dada yangu. Ngozi kavu inatoa unga mdogo mweupe, halafu mara nyingi na miguu na mikono inapauka. Wewe una mba hasa."

Akanieleza kwamba kuna fangasi wanaoitwa Malassezia, wapo kwenye ngozi ya kila mtu, si uchafu wala si kuambukizwa kitana. Chakula chao ni mafuta, kwa sababu wenyewe hawawezi kujitengenezea. Wakishayavunja mafuta ya ngozi, mabaki yake yanawakera baadhi yetu, ngozi inaanza kujibandua kwa haraka kuliko kawaida. Kwa hiyo ile nazi ya kila usiku, nilikuwa nawapikia futari.

Akanipa chupa ya mililita 100, shampuu yenye ketoconazole, dawa ya fangasi, asilimia 2. Nililipa shilingi 12,000, nikanung'unika njia nzima, maana chupa yenyewe ndogo kama ya dawa ya kikohozi. Harufu yake ni ya dawa tu, usitegemee maua.

Wiki ya kwanza niliitumia kama sabuni: paka, sugua, suuza. Tena kwa maji yetu ya kisima, yenye chumvi, ambayo hata sabuni ya unga haitoi povu. Hamna kitu. Nikarudi dukani nimenuna. Kaka akaniuliza ilikaa kichwani dakika ngapi. Nikanyamaza. Inatakiwa ikae dakika tatu mpaka tano ndipo ifanye kazi, na inapakwa kwenye ngozi. Nywele wala hazina mba.

Nikafumua rasta, nikapumzika na twende kilioni, maana mistari inaonyesha ngozi vizuri. Nikaosha chupa tupu ya tomato sosi, ile yenye mdomo mwembamba, nikatia shampuu kidogo na maji ya dukani, kisha nikawa napitisha mstari kwa mstari, nasugua kwa ncha za vidole, si kucha. Dakika tano naziweka kwenye simu, nakaa kwenye kigoda. Mara mbili kwa wiki, wiki nne.

Muwasho ulipungua ndani ya wiki ya pili. Niligundua usiku mmoja kwamba nimelala bila kuamka kujikuna. Magamba yalichelewa kuondoka. Mpaka wiki ya nne chanuo lilikuwa bado linatoka na unga kidogo. Nyusi zikasafika zenyewe, povu nililolipitisha pale wakati wa kuosha lilitosha.

Sasa lawama. Inakausha nywele, hasa hizi zetu za kipilipili. Ukimaliza unazishika kama katani. Lazima kondishena baada ya kila kuosha, ipite kwenye nywele na isiguse ngozi. Na mimi nilisema nimepona nikaacha kabisa, mba ikarudi baada ya miezi miwili, tena nikiwa nimesuka rasta mpya za bei. Haiui wale fangasi mara moja ikaisha, inawapunguza. Siku hizi naosha nayo mara moja kila wiki mbili, na rasta hazizidi wiki nne kichwani. Naipa nyota nne. Ya tano imebaki na mililita 100 zao.

Jirani yangu alitaka nimgawie amuoshee mwanawe. Mtoto ana viduara vilivyonyonyoka nywele. Hayo ni mapunye, ni fangasi wengine kabisa, wanaingia ndani ya unywele wenyewe, na shampuu peke yake haiwafikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Nikamwelekeza zahanati. Na wewe ukiona kichwa kina usaha, au magamba ni mazito ya rangi ya fedha yanayokwenda hadi kwenye viwiko na magoti, usipoteze 12,000 yako kwanza.

Mama bado anasema nimeikosea heshima nazi. Nampikia nayo samaki, yanaisha.

Chupa ya pili niliona inashuka haraka nikadhani inavuja. Kumbe mdogo wangu, ana yale madoa meupe ya kifuani na mgongoni, nayo tunaita mba, na kweli wahusika ni walewale Malassezia. Alisikia nikisimulia akaanza kujipaka kimya kimya. Yameacha kumwasha na hayana tena ule unga, ingawa rangi ya ngozi itachukua miezi kurudi. Nimemwambia anunue yake. Amesema mshahara ukitoka.