Frigo ipi ununue Lubumbashi: anza na gesi yake

Wanunuzi wengi wa Lubumbashi huulizia ukubwa na bei ya frigo na kusahau gesi inayozunguka ndani yake, ilhali ndiyo inayoamua namna itakavyotengenezwa ikiharibika, na madhara itakayoacha angani ikivuja. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, karibu na kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi. Ukikuta kibandiko kimebanduliwa, tafuta muuzaji mwingine.

Nafasi ya kwanza naipa frigo mpya ya R600a, yaani isobutani, ambayo haigusi tabaka la ozoni, na mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno. Gesi hiyo hushika moto, ndiyo maana kibandiko chake huwa na pembetatu ya njano yenye mwali. Kiasi chake ni gramu chache tu, lakini usikubali fundi achomelee bomba kabla ya kuitoa gesi yote mahali penye hewa, wala asiweke gesi nyingine, kama R134a, kwa kisingizio kwamba ndiyo aliyo nayo.

Inafuata frigo mpya ya R134a. Mafundi wameizoea na haiharibu ozoni, ila kilo moja yake huongeza joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, hivyo frigo yenye gramu 120 ikivuja yote ni kama kumwaga angani kilo 170. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal (mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni), yanazipunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua.

Frigo za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika, naziweka nafasi ya tatu, hata zile za R600a. Kagua kibomba kifupi cha kujazia gesi kwenye kompresa: ukiona kimechomelewa upya, na masizi yapo, jua kwamba imeshafunguliwa, na huenda gesi iliyomo si ile ya kwenye kibandiko.

Frigo ya R12, gesi ya zamani, usiichukue hata ukipewa bure. Klorini yake huvunja ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 hata nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana nayo kufikia mwaka 2010, kwa hiyo fundi anayekuahidi kuijaza tena atatia kitu kingine.

Kwa joto la Oktoba, chagua yenye daraja la T, iliyoundwa kuhimili hadi nyuzi 43, kisha uongeze kifaa cha kulinda umeme kinachoisubirisha kompresa dakika chache kila umeme unaporudi.