Jimnastiki ya Jumamosi: wadogo wamehudumiwa vyema, wakubwa wamesahauliwa

Watoto wangu wawili, mmoja wa miaka 4 na dada yake wa miaka 11, wamehudhuria muhula mzima wa madarasa ya jimnastiki ya kujifurahisha yanayofanyika kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja hapa Nairobi, na walichokipata kimetofautiana mno kiasi kwamba siwezi kuyatolea madarasa hayo hukumu moja.

Kundi la miaka 3 hadi 5 linaendeshwa kwa ustadi mkubwa. Kipindi hakizidi dakika 45, mzazi anaruhusiwa kukaa kando ya mikeka, na mtoto anayesita haburutwi bali huachwa atazame wenzake mpaka ajisikie kujiunga nao. Wanaruka kichurachura, wananing'inia kwenye chuma cha chini, wanaviringika kwenye godoro lililoinamishwa, na huku wakidhani wanacheza tu, mikono na mabega yao yanazoea kubeba uzito wa mwili.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba katika kundi la miaka 6 hadi 9 somo la kwanza kabisa ni kuanguka. Mtoto anafundishwa kuingiza kidevu kifuani, kukunja mgongo na kuviringika, badala ya kunyoosha mkono nyuma ili ajizuie, kwa sababu mkono uliokakamaa ndio unaoumia kifundoni au kwenye kiwiko. Hakuna anayeruhusiwa kupanda kitu chochote kabla ya kulijua hilo. Boriti ya mashindano ya wanawake ina upana wa sentimita 10 tu na husimama sentimita 125 kutoka chini, lakini hapa mtoto huanza kwa kutembea juu ya mstari wa chaki, kisha juu ya boriti iliyolazwa sakafuni, na ndipo huinuliwa hadi usawa wa goti. Vilevile, kabla ya kumshika mtoto anayejaribu kusimama kwa mikono, mwalimu humweleza kwanza atamshika wapi, jambo ambalo mimi kama mzazi nalithamini sana.

Binti yangu mkubwa hakubahatika hivyo. Kwa kuwa waliofikisha miaka 10 ni wachache, wamechanganywa na watoto wa miaka 7, wakarudia mazoezi yale yale na kukaa foleni ndefu mbele ya trampolini moja. Mtoto wa umri huo anarefuka haraka, mizani ya mwili wake inabadilika, na anahitaji mazoezi yake mwenyewe ya nguvu na ya kunyoosha viungo. Niliposikia mhudumu mmoja akisema kwamba kuanza katika umri huo ni kuchelewa, nilisikitika, kwani hata katika ngazi ya juu kabisa mwanajimnastiki Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46, sembuse msichana anayetaka tu kujua kupindua gurudumu, yaani kujipindua kiubavu kwa mikono kama gurudumu linalozunguka, bila woga.

Mdogo nitamwandikisha tena muhula ujao bila kusita. Kwa mkubwa, nimeuomba uongozi utenge kipindi cha miaka 10 na kuendelea, na mpaka kipatikane, namshauri mzazi mwenye mtoto wa rika hilo aombe kutazama somo moja kabla ya kulipa ada, ahesabu ni watoto wangapi wako chini ya mwalimu mmoja, na aangalie wanakaa foleni kwa muda gani.