Kaole nitarudi, ila si na yule kijana

Kosa la kwanza ni langu. Nilimwahidi binti yangu wa darasa la pili kwamba tukienda Bagamoyo ataona ngome ya mfalme, na yeye akili ikaenda moja kwa moja kwenye katuni zake. Ngome Kongwe pale mjini ilimvunja moyo aliposikia imewahi kuwa gereza. Akaniuliza, "Baba, mfalme alifungwa?" Nikamwambia ngoja tufike Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale nje kidogo ya Bagamoyo.

Kosa la pili ni kukubali kijana aliyetudaka mjini, akasema anayajua magofu ya Kaole kuliko kiganja cha mkono wake. Elfu thelathini, na alitaka zote mkononi kabla hatujapanda bajaji. Watu wa getini Kaole sina neno nao, walitupokea vizuri na risiti wakakata. Huyu alikuwa wa barabarani, tulijitafutia wenyewe.

Dalili nilipaswa kuiona mapema. Kwenye bajaji tulikuwa na mama yangu mzazi, mtu wa miaka sabini na ushei, na kijana alikaa naye bega kwa bega bila hata "shikamoo". Nikasema labda haya za kazini. Akaanza kuwaeleza watoto habari za Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, kwa Kiingereza! Wanangu Kiingereza chao ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Halafu Livingstone na Kaole wapi na wapi? Mwili wake ulifikishwa Bagamoyo mwaka 1874, ukapokelewa na wamisionari, na wakati huo Kaole ilikuwa magofu siku nyingi sana. Susi na Chuma, waliokuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili huo kutoka bara, hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa. Tumeingia kwenye msikiti wa kale. Paa hakuna, kuta za matumbawe zimeliwa na mvua, ila kibla bado unakiona. Mama akasimama, akavua makubazi yake, akayaweka pembeni kwa adabu, akaanza kusoma dua polepole. Wanangu nao wakavua bila kuambiwa. Kijana akaangalia simu, akasema:

"Bibi, vaa viatu twende, kuna miiba. Hapa si msikitini."

Hapa si msikitini! Umesimama ndani ya msikiti, watu wamesali hapa tangu karne ya 13, kibla kinakutazama usoni, unamwambia mama wa watu hapa si msikitini. Nilihisi masikio yanachemka. Mama hata hakugeuka. Alimaliza dua yake, akajifuta uso kwa viganja, ndipo akasema, "Mwanangu, kwani mzee akiota mvi si baba yako tena?" Kijana akacheka, nadhani hakuelewa.

Kabla hatujafika kwenye makaburi, likaingia kundi la Wazungu. Akatuambia "mkubwa, nakuja", akatokomea. Elfu thelathini zangu zikawa zinawaelezea wageni wengine.

Lakini, na hapa ndipo nachanganyikiwa niandike nini, baada ya yeye kuondoka ziara ndiyo ikaanza. Mama alishika usukani. Akawaonyesha wajukuu makaburi yenye nguzo, akawaambia hao ndio wakubwa wa mji, mtu wa kawaida hajengewi nguzo juu ya kaburi. Akawaonyesha palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya China yaliyokuja na majahazi. Kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke ambaye watu huja kuomba dua kaburini kwake, akakaa kimya muda mrefu, akajuta hakubeba ubani. Tukanawa maji ya kisimani, tukauzunguka mbuyu, maana wenyeji wanasema ukiuzunguka umri unaongezeka. Binti yangu aliuzunguka mara nne, mara ya nne akasema ni ya bibi.

Na swali la mfalme? Mama alimjibu, "Wafalme wa huku walikaa karibu na kisima, siyo juu ya mnara." Sijui kaitoa wapi, lakini mtoto aliridhika, jambo ambalo mimi nilishindwa siku nzima.

Kwa hiyo nilitaka kuandika msiende, sasa naona nendeni. Nendeni na mzee wenu. Na kama hamna mzee, waulizeni watu wa getini wawape mtu wao, msidakwe mjini kama mimi.

Tulipotoka, kijana alikuwa chini ya kivuli ananisubiri. Nikadhani anaomba radhi. Anaomba pesa ya soda! Nilikuwa nimeshapoa, nikawaka upya.

Kaole naipa nyota tano. Yeye nilitaka kumpa sufuri, mama kakataa, kasema nimpe moja kwa sababu alituonyesha choo kilipo. Haya, moja.