Hamamu ya Rudas siku ya Jumanne, kisha chai ya saa nne: uzoefu wangu Budapest

Mama mdogo alipokuja Vienna kunitembelea, mwezi wa pili, baridi ilimshika magotini tangu siku ya kwanza. Nakaa ghorofa ya tatu. Akipanda, husimama kila kituo cha ngazi, mkono mmoja kwenye reli, mwingine kwenye goti. Siku ya nne nikamwambia, "Mama, kuna mji hapa jirani, ni mwendo wa saa mbili na dakika arubaini kwa treni. Maji ya moto yanatoka yenyewe chini ya mlima, hayachemshwi na mtu."

Akaniangalia. "Na watu wanayaoga?"

"Wanayaoga tangu enzi za Waturuki."

"Wanaume na wanawake pamoja?"

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya Jumanne, naye akaenda kutafuta begi lake.

Naandika haya hasa kwa wanawake wenzangu wanaojisitiri, walioko huku Ulaya au wanaokuja kutembea, ambao wakisikia habari za mabwawa ya maji moto ya Budapest hudhani si mahali pao. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo miaka kadhaa. Mji ule una chemchemi za moto zaidi ya 100, na mabwawa yake ni mengi, lakini Rudas lina kitu kinachotuhusu: Jumanne sehemu ya hamamu ya zamani, yaani nyumba ya kuogea ya Kituruki, ni ya wanawake peke yao. Siku nyingine zina mpango wake, nyingine za wanaume, na wikendi ni mchanganyiko. Ratiba iangalieni kwenye tovuti yao kabla ya kukata tikiti ya treni.

Jambo moja nililielewa nilipofika kwenye dirisha la tikiti, na nataka mwenzangu alijue mapema. Upande wa wanawake ni ile hamamu ya kuba tu. Bwawa la kuogelea, na lile la juu ya paa ambalo picha zake zimejaa mitandaoni, lenye mandhari ya mto Danube, ni la wote, wanaume na wanawake, hata Jumanne. Kwa hiyo usilipie tikiti ya sehemu zote kama huna nia ya kupanda huko. Sisi tulilipia hamamu peke yake, ikawa nafuu, na siku za kazi bei ni ndogo kuliko wikendi.

Tulilala upande wa Pest, ng'ambo ya mto; Rudas liko upande wa Buda. Asubuhi tukapanda basi namba 7, linavuka daraja la Erzsébet na kukushusha mlangoni kabisa, kwenye kituo chenye jina la Rudas. Jengo limebanwa kati ya barabara na mlima Gellért, na ukilitazama kwa nje hulitilii maanani. Saa mbili na nusu tulikuwa ndani. Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, na wenyeji wazee ndio wanaowahi.

Unapewa bangili ya plastiki mkononi, hiyo ndiyo ufunguo wa kabati lako. Nilikuwa na wasiwasi na mavazi. Siku ya wanawake wengine huvaa nguo ya kuogelea, wengine hufunga aproni nyeupe, wengine hawavai kitu. Sisi tulivaa fulana ndefu na suruali za kitambaa cha kuogelea, na tulikuwa na kanga begani mpaka ukingo wa maji. Yule mama mhudumu alitutazama miguuni tu, kuhakikisha tuna kandambili, akatuonyesha bomba la kuogea kwanza, basi. Hakuna aliyetukodolea macho. Na huko ndani sikuona simu hata moja.

Kisha tukaingia chini ya kuba.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiko moyo wangu uliko. Hamamu hii imejengwa na Sokoli Mustafa Pasha, aliyekuwa gavana wa Kituruki mjini Buda kuanzia 1566 hadi 1578. Waturuki waliushika mji ule mwaka 1541 na wakautoka 1686, mengi waliyoyajenga yamebomoka, lakini hii ingali inafanya kazi ile ile. Kuba lina upana wa mita 10, limebebwa na nguzo 8, na katikati kuna birika kubwa la pembe nane. Kubani mmetobolewa vitundu vilivyozibwa kwa vioo vya rangi, na asubuhi ile jua la baridi lilikuwa likipenya kwenye mvuke kwa vijiti vyembamba, kimoja cha buluu, kimoja chekundu, kimoja cha kijani. Kijiti cha kijani kilikuwa kimetua juu ya maji, karibu na bega la bibi mmoja aliyefumba macho, na kila akipumua kilikuwa kinatikisika.

Mama mdogo alisimama pale kwenye jiwe, kanga begani, hakusema neno kwa muda. Halafu akasema taratibu, "Subhanallah. Kumbe hamamu iliyo hai iko hivi."

Kwa asiyetujua: sisi ni watu wa Mji Mkongwe, na nyumba ya bibi ilikuwa hatua chache kutoka Hamamni, mtaa uliopata jina lake kwa hamamu aliyoijenga Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Waliijenga mafundi wa Kiajemi, wakaifungua kwa watu wote, na tangu 1920 haijatia maji. Tumekua tukilipita lile jengo. Kwetu hamamu ni kuta nyeupe, mabirika makavu, na watalii wakipiga picha. Mama mdogo ana miaka sitini na tatu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti ya maji ndani ya nyumba ya namna ile.

Sasa maji yenyewe. Birika la katikati ni nyuzi 36, kama joto la mwili, huhisi baridi wala moto. Pembeni kuna manne madogo: 28, 30, 33 na 42, na kila moja nyuzi zake zimeandikwa ukutani. Harufu ya kiberiti ipo, kidogo tu, baada ya dakika tano huisikii tena. Pale maji yanapomiminika kwenye jiwe, chokaa imeganda tabaka juu ya tabaka, rangi ya kahawia kama ukoko wa wali, laini ukiigusa. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Buda huzama kwenye mawe ya chokaa, inashuka chini sana, inapata moto wa ardhi, kisha inapanda kwenye ufa mkubwa wa miamba unaofuata mto. Njiani inachukua kalsiamu, magnesiamu na salfeti. Ndiyo maana madaktari wa huko huwaelekeza wagonjwa wa viungo kwenye maji haya.

Mama mdogo alikaa kwenye ngazi za lile birika kubwa, maji yakimfika mabegani, miguu ameinyoosha. Baada ya robo saa alianza kukunja na kukunjua goti bila kuambiwa. Tukahamia la nyuzi 42. Hapo nilimhesabia dakika, kwa sababu anatumia dawa za presha na daktari wake alikubali kwa sharti moja: la moto sana, dakika chache, na atoke polepole. Alikaa dakika nne. Mwenye presha, mwenye moyo, mjamzito, aulize kwanza. Usiende kwa kuwa mimi nimekwambia.

Na sasa nafika kwenye chakula, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Mara yangu ya kwanza Budapest, miaka miwili nyuma, nilikula kwanza. Nilijaza sahani ya hoteli: mayai, mikate, jibini, keki, kahawa vikombe viwili, na baada ya nusu saa nikaingia kwenye maji ya nyuzi 42. Nilitoka nimeshika ukuta. Macho giza, moyo unanienda mbio, mwanamke nisiyemjua akanikalisha kwenye benchi na kunipa maji. Baadaye nikaelewa. Ukishiba, damu inakwenda tumboni kusaga chakula, na maji ya moto nayo yanaifungua mishipa ya ngozi na kuivuta damu huko. Presha inashuka, kichwa kinabaki bila chake. Usiingie na njaa kali pia. Safari hii tulikunywa chai na kula ndizi moja moja hotelini, tukabeba chupa ya maji, mlo wenyewe tukauacha kwa baadaye.

Wazungu wana mlo wao huo wanaouita branchi, kati ya staftahi na chakula cha mchana. Sisi tuna chai ya saa nne tangu zamani, na baada ya hamamu ndiyo inayofaa kabisa. Tulitoka majini saa nne kasoro robo, tukakaa tumejifunika taulo karibu nusu saa mpaka jasho likauke, na hapo njaa ikaja, njaa safi, ya kama umetoka kulima. Tafadhali msiruke ile nusu saa. Nje ilikuwa chini ya sifuri, na ukitoka na nywele mbichi utailaumu hamamu kwa baridi uliyojitafutia barabarani.

Tukarudi Pest kwa basi lile lile, kituo kimoja tu ng'ambo ya daraja, tukaingia mkahawa mmoja wa mtaa wa nyuma. Hii nayo ni faida ya Jumanne: wikendi mikahawa ya branchi huwa na foleni mpaka nje, sisi tulipata meza ya dirishani.

Hapo palitokea jambo. Niliagiza lecsó, mchuzi wa pilipili mboga, nyanya na vitunguu, ukipikwa na mayai. Nikasema kwa Kiingereza hatuli nguruwe, kijana akaitikia. Sahani ilipokuja, nikaona vipande vya duara vyekundu ndani ya mchuzi. Mama mdogo alikuwa ameshainua uma. Nikamshika mkono. Kijana aliomba radhi kwa dhati, uso umemwiva, akasema jikoni wanaona soseji ni kiungo tu, si nyama. Akairudisha na kutuletea kitu kingine bila malipo. Sikumkasirikia, lakini tangu siku hiyo siagizi kwa Kiingereza peke yake. Maneno haya nimeyaandika kwenye simu: sertés ni nguruwe, kolbász ni soseji, sonka ni paja la nguruwe, szalonna ni nyama yake ya mafuta, zsír ni mafuta, na mara nyingi ni ya nguruwe. Vile vimikate vidogo vya pogácsa navyo uliza, kuna aina inayotiwa masalio ya mafuta hayo.

Kilicholetwa badala yake kilimfurahisha kuliko lecsó. Wanakiita bundás kenyér: boflo lililochovywa kwenye yai na kukaangwa, juu yake vitunguu vyekundu, pembeni jibini laini lililochanganywa na paprika. Mama mdogo akala vipande vinne. "Hiki nimekipika miaka yote," akasema, "sikujua kina jina la Kihangari." Tukamalizia na rétes ya cheri chachu, unga umekunjwa mwembamba kama manda za sambusa. Chai ilikuwa dhaifu, kifuko na limau, na kwa mtu aliyezoea chai ya maziwa yenye hiliki ilimpa taabu. Mara ya pili nitabeba hiliki kwenye kifuko.

Kutoka pale tulitembea Váci utca mpaka mwisho, kwenye soko kubwa la Fővám tér, jengo la 1897 lenye paa la vigae vya rangi. Paprika ya unga iko ya aina mbili kuu: édes ni tamu, csípős ni kali. Juu ghorofani wanakaanga lángos, unga wa hamira uliotandazwa kama chapati, ukatumbukizwa kwenye mafuta, kisha ukapakwa kitunguu saumu, malai chachu na jibini. Ukiwa umeshiba branchi huwezi kuimaliza. Tuligawana moja, na bado ilikuwa nyingi.

Magoti hayakupona, wala sikutarajia yapone kwa asubuhi moja. Kwenye ngazi za stesheni ya Keleti alishuka polepole kama kawaida. Ila usiku ule Vienna hakuniomba nimpake mafuta ya karafuu, na alilala mpaka alfajiri. Gharama kubwa ya siku ilikuwa treni. Hamamu na chakula cha watu wawili vilikuwa pungufu ya nilivyozoea kulipa Vienna, na ningelipa tena kesho.

Amesharudi Unguja. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia mwangwi wa chumba kitupu na mwongozaji akiongea na wageni. "Niko Hamamni, mwanangu. Nimelipa kiingilio kama mtalii. Nimekaa ukingoni mwa birika, miguu nimeining'iniza ndani. Nimewaonyesha hawa wageni maji yalikuwa yanafika wapi."