Dopla ya figo kwa mtoto mwenye mkojo unaorudi nyuma: uzoefu wangu

Binti yangu alipata UTI mara tatu kabla hajatimiza miaka miwili. Ya tatu ilikuja na homa kali, tukalazwa. Baadaye akafanyiwa kipimo cha kuwekewa mpira wa mkojo na kuingizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, ikajulikana kwamba mkojo unapanda kutoka kibofuni kurudi kwenye figo ya kushoto, daraja la tatu kati ya matano. Daktari akamwanzishia dawa kidogo ya kila usiku ya kuzuia UTI isirudi, kisha akatuandikia altrasaundi ya figo pamoja na dopla, aone damu inapitaje.

Mara ya kwanza hela ilipotea. Mtoto analia, mashine ikapita tumboni dakika tano, tukapewa karatasi: figo zote kawaida. Dopla tuliyoilipia haikuwa na namba hata moja. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na mtoto alikuwa ameshachoka kushikwashikwa.

Kwingine tulipokwenda, dada wa picha alitaka mtoto anywe maji kwanza, kibofu kijae. Jeli aliipasha viganjani kabla ya kumpaka. "Mama, akilia siwezi, kila pumzi inausogeza mshipa." Akatusubiri. Nikamlaza mtoto kifuani, nikamwekea katuni kwenye simu, akatulia.

Nilipoona rangi nyekundu na bluu ndani ya figo nikadhani bluu ni damu chafu. Akanieleza kwamba nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa na bluu ni inayokwenda mbali nacho, basi. Akatafuta rangi hadi pembeni kabisa mwa figo, maana penye kovu huwa inafifia. Akashuka kibofuni, tukasubiri, mara cheche ya rangi ikaruka: mkojo unaingia kutoka kwenye mrija unaoshuka toka figo. Nilitokwa machozi pale pale.

Kwenye karatasi, kipimo cha ukinzani wa mishipa, yaani damu inapata ugumu kiasi gani kupita ndani ya figo, kilikuwa 0.72 kushoto na 0.70 kulia. Usiku nikasoma kwamba mpaka wa juu wa kawaida ni 0.70, sikulala. Kumbe mpaka ule ni wa watu wazima; watoto wadogo huwa juu zaidi, na namba hushuka kadiri wanavyokua. Daktari aliangalia zaidi kwamba pande mbili zinakaribiana na figo zinakua sawa. Tafadhali, mzazi mwenzangu, namba hiyo isomwe na anayejua umri wa mtoto.

Ninaipenda dopla kwa sababu haina mionzi wala sindano na inaweza kurudiwa. Lakini nilitoka pale nikidhani mtoto amepona, nikataka kuacha dawa ya usiku. Daktari alinizuia: altrasaundi inaweza kuwa safi kabisa na mkojo bado unapanda. Kuona kurudi kwenyewe ni kile kipimo cha mpira, na makovu madogo yanaonekana vizuri zaidi kwenye DMSA, ile picha ya figo inayopigwa baada ya kuchomwa sindano yenye mionzi kidogo.

Tunarudi baada ya miezi sita, kwa dada yule yule. Safari hii nitaisoma karatasi pale pale dirishani: kushoto namba, kulia namba, urefu wa kila figo.