Tuisheni ya famakolojia Chikongola: hesabu safi, fotokopi mbovu

Kama unasoma uuguzi hapa Mtwara mjini na famakolojia, yaani somo la dawa, inakutoa jasho, kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, anafundisha jioni barazani kwake Chikongola. Elfu tatu kwa kipindi, unalipa ukiingia. Mimi niko mwaka wa pili, nimekaa kwake muhula mzima.

Kila dawa anaiingilia kwa mgonjwa wa hukuhuku. Msimu wa mabibo, mtu kaandikiwa metronidazoli, jioni kapitia uraka, pombe ya mabibo: utegemee nini? Kutapika, uso kuwaka, moyo kwenda mbio. Dawa mseto ya malaria inataka chakula chenye mafuta ili lumefantrini ifyonzwe vizuri. "Msiwahubirie siagi," anasema, "waambieni korosho, zimejaa ndani kwao." Na dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza, si mpaka kesho yake.

Hesabu ndipo hela yako inaporudi. Kikokotoo marufuku. Anakupa ampuli tupu, kichupa cha dawa ya sindano, ya gentamisini, soma mwenyewe: miligramu 80 katika mililita 2. Mtoto ana kilo 12, daktari kaandika miligramu 5 kwa kilo. Hiyo ni 60, kwa hiyo mililita moja na nusu. Halafu unavuta maji kwenye bomba la sindano, analiinua usawa wa macho, akiona kapovu ka hewa unaanza upya. Kuna kaka mmoja alivuta mililita 15. Mama hakusema kitu, alimletea ampuli nane azipange mezani.

Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba kaifundisha mpaka tunaiota: kabla ya kurudia dozi gonga goti uone kama mguu unaruka, hesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizimua ikizidi, iwe karibu. Dawa za akili anazipitia mbiombio, hapo utajisomea.

Baraza ni dogo, ukichelewa unakaa ngazini na mbu.

Fotokopi za mia tano ndizo sizipendi hata kidogo. Wino umefifia, "mcg" (mikrogramu) inasomeka "mg" (miligramu), yaani dozi mara elfu moja! Mwalimu wa dawa hauzi karatasi ya namna hiyo. Nimemwambia, akasema mashine ya stesheneri ndiyo mbovu. Sasa sinunui tena, nanakili ubaoni.