Dubai–Guangzhou kwa ndege: kwenda si sawa na kurudi

Njia hii nimeshaipita mara nne, kufuata mapazia na vitambaa vya makochi. Safari ya mwisho nilikwenda na mama mdogo, na yeye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Kutoka Dubai hadi Guangzhou, kusini mwa China, ni kama kilomita 5,830. Tiketi ya kwenda ilisema tunaondoka saa 4:50 asubuhi, tunafika saa 4:10 usiku. Mama mdogo akaguna: "Mchana kutwa tuko hewani?" Nikamweleza kuwa saa ya Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, kwa hiyo angani ni saa 7 na dakika 20 tu. Ikawa hivyo. Wali na kuku, usingizi kidogo, tukatua.

Shida ilikuja wakati wa kurudi. Kuondoka saa 6:15 usiku, kufika Dubai saa 10:45 alfajiri. Akahesabu kwa vidole, akapata saa nne na nusu, akaridhika. Mimi nilikuwa hoi kwa kuzunguka masokoni, sikumsahihisha, nikalala. Nikashtuka ananigusa bega: "Mwanangu, saa tano zimeshapita, mbona hatushuki?" Miguu ilikuwa imemvimba, viatu havimwingii tena, na muda wote huo hakuwa ameinuka kwa sababu alikaa dirishani na hakutaka kumwamsha jirani. Iliniuma sana.

Ukweli ni kwamba kurudi ni saa 8 na nusu: zile nne na nusu, ongeza saa 4 za tofauti. Huko juu upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda unakusukuma kutoka tezi, yaani nyuma, kurudi ni mbisho mtupu, unakupiga usoni, kama jahazi. Kwenye kioo cha kiti niliona kwa macho yangu: kwenda kasi ilipita kilomita 1,000 kwa saa, kurudi ilikuwa 800 na kitu. Ndege ni aina ileile.

Huduma yenyewe sina ugomvi nayo. Maji walileta kila tulipoomba, na mhudumu mmoja alimtembeza mama mdogo hadi nyuma na kurudi, akimshika mkono. Ninacholalamikia ni tiketi: saa za kuondoka na kufika zimeandikwa kwa herufi kubwa, muda wa angani umefichwa chini kwa maandishi madogo ambayo mtu mzima hayaoni.

Jambo jingine kwa wanaofika usiku: foleni ya uhamiaji pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ilituchukua karibu saa nzima, treni ya mwisho ya mjini ikatuacha. Tulichukua teksi hadi Xiaobei, mtaa wa mjini Guangzhou. Dereva hakujua neno la Kiingereza. Kilichotuokoa ni anwani ya hoteli niliyokuwa nimeandikiwa kwa Kichina kwenye karatasi.

Maonyesho ya Canton ya Oktoba, yale ya biashara hapo Guangzhou, tunakwenda tena. Viti vya kurudi nimeshachagua, vyote viwili vya kwenye njia, na mama mdogo nimemnunulia soksi za kubana miguu.